Probox ya Kisauni: bima ya gari baada ya kufungiwa leseni

Alipanda ngazi za ofisi yangu ya uwakala wa bima, Mwembe Tayari, Mombasa, siku ya 19 baada ya hukumu. Idadi hiyo naikumbuka kwa sababu ndiyo iliyonivunja nguvu. Rufaa ya kesi ya jinai hukatwa ndani ya siku 14. Kuomba ruhusa ya kuikata baada ya hapo kunawezekana, lakini kunataka wakili, na wakili anataka pesa, na mama huyu alikuja na bahasha yenye shilingi elfu sita akitaka "stika tu, mwanangu, nirudi kazini."

Nitamwita Mpishi, maana ndiyo kazi yake. Anapika pilau na biriani za harusi, matanga na maulidi kutoka kwake Kisauni, na ana Toyota Probox nyeupe inayobeba masufuria, majiko na vijana wa kupakua. Yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Ameniruhusu niandike kisa chake kwa sharti moja, nisimfanye mjinga. Si mjinga. Alichokifanya nimewaona wakikifanya watu wenye digrii mbili.

Alikuwa akinunua bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu peke yake, yaani mwingine anayeumizwa na gari lako, kwa mwezi mmoja mmoja. Ya mwisho ikaisha Alhamisi usiku. Ijumaa alikuwa na mbuzi wa kuchinjisha na mchele wa kuchambua, akajiambia atalipa Jumatatu, pesa ya harusi ikiingia. Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, akielekea soko la Kongowea kuchukua vitunguu, askari wa trafiki akamsimamisha. Siku hizi cheti cha bima ni cha kidijitali. Neno stika limebaki mdomoni kwa mazoea tu. Askari hakuhitaji hata kutazama kioo. Aliingiza nambari ya gari kwenye simu, akaigeuza simu ili Mpishi asome mwenyewe.

Harusi ilipikwa. Mdogo wake wa kike aliisimamia, na wali, kwa maneno yake Mpishi, uliingia maji.

Jumatatu akafika mahakamani. Kwenye benchi la nje alikuta kijana mwenye kesi ya taa mbovu aliyempa ushauri wa bure: kiri, lipa, uende kazini. Akakiri. Faini akalipa kwa simu palepale. Alikuwa ameshashika mkoba wake wakati hakimu alipoongeza kwamba leseni yake imefungwa kwa miezi 12.

Kilichosemwa mahakamani, na kisichosemwa

Sheria inayohusika ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, ile ya bima ya magari kwa hatari zinazowapata watu wa tatu. Haikatazi tu kuendesha barabarani gari lisilo na bima. Inakataza pia kumruhusu mtu mwingine aliendeshe. Neno hilo, kuruhusu, lishike, litarudi. Mtu akipatikana na hatia, mbali na faini au kifungo, hupoteza haki ya kushika leseni kwa miezi 12 kuanzia siku ya hukumu, isipokuwa mahakama ikiona kuna sababu maalumu za kutofanya hivyo. Kwa hiyo kufungiwa leseni hakukuwa ukali wa hakimu yule. Ndiyo kawaida ya kosa lenyewe. Kusamehewa ndiko kunakohitaji maelezo.

Mpishi hakueleza lolote, kwa kuwa hakujua kuna la kueleza. Nilimuuliza angesema nini kama angejua. "Ningemwambia nina watoto wa kusomesha. Nina harusi nne mwezi huu."

Nilimjibu ukweli ambao haukumpendeza, kwamba hayo huenda yasingemfaa. Sababu maalumu, jinsi mahakama zilivyozoea kuzitazama tangu zama za Waingereza, ni zile zinazohusu kosa lilivyotokea, wala si dhiki ya aliyelitenda. Mtu aliyeuziwa cheti bandia, mwenye risiti mkononi na aliyeamini kwa dhati kwamba ana bima, huyo ana la kumwambia hakimu. Aliyejua stika imeisha Alhamisi akaingojea Jumatatu hana. Ndiyo maana sikulaumu sana ule ushauri wa benchini, ingawa nawaambia wateja wangu wote: hakuna aliyewahi kuchapwa kwa kuomba muda wa kuzungumza na wakili kabla ya kujibu shtaka.

Basi rufaa tukaiacha. Kilichobaki ni gari.

Leseni ni ya mtu, bima ni ya gari

Mpishi aliamini, kama wengi wanaonijia, kwamba leseni ikifungwa basi na bima haiuziki. Kaka yake aliyeko Ohio alikuwa amezidi kumchanganya kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne akimhimiza aulizie SR-22. Nilimweleza kwamba kaka yake hakukosea. Amesema ya huko aliko. Marekani kuna karatasi yenye jina hilo, ambayo kampuni ya bima huipelekea serikali ya jimbo kuthibitisha kwamba dereva aliyewahi kukosa sasa ana bima. Majimbo mengi huitaka iendelee bila kukatika, mara nyingi kwa miaka 3. Mteja akiacha kulipa, kampuni huiarifu serikali na leseni hufungwa upya.

Kwetu Kenya hakuna karatasi ya namna hiyo. Kuna fomu ya maombi ya bima, na ndani yake maswali mawili ambayo watu huyaruka haraka kama anayekanyaga makaa. La kwanza huuliza kama wewe, au yeyote atakayeendesha gari hili, amewahi kupatikana na hatia ya kosa la uendeshaji. La pili huuliza kama kuna kampuni ya bima iliyowahi kukukatalia, kukufutia, au kukupa masharti ya ziada.

Kisheria, gari linaweza kuwa na bima hata kama mwenyewe haruhusiwi kuliendesha. Wako wazee hapa mjini wasiojua hata klachi iko mguu gani na wana magari matatu yenye bima halali. Kinachoangaliwa ni nani atakayeshika usukani. Karibu kila hati ya bima niliyowahi kuisoma ina kipengele cha dereva: awe na leseni halali, na asiwe amezuiwa na mahakama. Tangu siku ile ya hukumu Mpishi alikuwa nje ya kipengele hicho, na stika yoyote ambayo ningemuuzia isingemrudisha ndani.

Nikamweleza hivyo. Akanyamaza, akaifunga bahasha yake, kisha akaja na wazo ambalo nilikuwa nalisubiri.

"Basi andika jina la mwanangu."

"Mama, mwanao ndiye atakayeendesha?"

"Wee andika tu."

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo visa vingi vya aina hii huharibikia, na huharibikia kimya kimya. Mwanawe ana miaka 23, anasoma chuo Tudor, leseni anayo. Kama ningejaza jina lake kama mwenye bima na dereva, mfumo ungekubali. Cheti kingetoka katika dakika tano. Askari wa Kongowea angeingiza nambari na kuona kila kitu kiko sawa. Mtego wenyewe ndio huo: stika hutoka. Hakuna kengele inayolia siku ya kununua. Hulia siku ya ajali, pale kampuni inapotuma mpelelezi kuuliza gari ni la nani, na logibuku, hati ya usajili wa gari, ina jina la mama. Nani huliendesha kila alfajiri, na muuza vitunguu anasema ni mama. Na mama leseni yake iko wapi.

Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayeomba kuliko mikataba mingi mingine, kwa sababu kampuni haina njia ya kuona maisha ya mteja ila kwa kinywa chake. Sura ya 405 inailazimisha kampuni kulipa hukumu ya mtu wa tatu aliyeumia, lakini inaiachia mlango: ndani ya miezi 3 tangu kesi ya madai ifunguliwe, inaweza kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba bima ile ilipatikana kwa kuficha jambo la msingi. Ikishinda, aliyeumia hubaki na Mpishi. Na Mpishi ana nini? Ana nyumba ya Kisauni aliyoijenga kwa sufuria miaka ishirini.

Halafu kuna kijana. Angeanza maisha yake ya bima akiwa ametia saini uongo, kwa heshima ya mama yake. Nilipomwambia hilo ndipo aliponitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ya nyumba hayakumshtua. Ya mwana yalimshtua.

Swali nililochelewa kuuliza

Sasa nijishtaki na mimi. Kwa siku mbili nilipiga simu kwa watu ninaowafahamu kwenye makampuni nikiuliza habari za gari la nyumbani ambalo mwenyewe amefungiwa leseni. Nilikuwa nimekodolea macho ile hukumu hata sikuona kitu kikubwa zaidi kilichokuwa kimeegeshwa chini ya dirisha langu, na harufu ya bizari ikipanda hadi mezani. Ni afisa mmoja wa kupokea bima upande wa pili wa simu aliyeniuliza: huyu mama anafanya kazi gani?

Magari huandikishwa kwa daraja la matumizi. Kuna la matumizi ya nyumbani, kuna la biashara la kubeba mali yako mwenyewe, kuna la kubeba mizigo ya watu kwa malipo, kuna la abiria, na kadhalika. Mpishi, miaka yote ile, alikuwa akiuziwa stika ya gari la nyumbani. Gari la nyumbani halibebi sufuria sita za pilau kupeleka Majengo kwa kazi ya malipo. Hata katika ile miezi aliyokuwa "na bima", kama angemgonga mtu njiani na masufuria nyuma, kampuni ingekuwa na hoja ya kumkimbia.

Nilipomwambia alikasirika, na alikuwa na haki. "Sijamdanganya mtu. Hakuna aliyeniuliza."

Hilo ni la kwetu sisi mawakala, nami silipambi. Stika za mwezi tunaziuza kwa simu kama skrachi za kuongeza salio. Mteja anatuma nambari ya gari na pesa, anarudishiwa cheti, maneno hayazidi kumi. Aliyemuuzia Mpishi hakuwahi kumwona wala kuiona Probox. Fomu ilijazwa na mtu aliyekisia. Na anayekuja kuulizwa siku ya ajali si aliyekisia.

Kwa hiyo kisa kikabadilika. Nilikuwa nikitafuta bima ya mtu aliyefungiwa leseni. Kumbe nilitakiwa kuanza upya na gari ambalo halijawahi kuandikishwa sawasawa.

Jinsi tulivyoomba

Kumbuka lile swali la pili la fomu. Ukijaza fomu rasmi kampuni ya kwanza ikakukatalia, kuanzia hapo jibu lako kwa kampuni ya pili ni "ndiyo, nimewahi kukataliwa." Ya pili ikisita kwa sababu hiyo, ya tatu inapokea mtu aliyekataliwa mara mbili. Nimewahi kumpokea mteja aliyezunguka barabara ya Nkrumah na Moi kwa wiki moja akijaza fomu kila mlango, hata akawa ameharibu jina lake kwa bidii yake mwenyewe.

Mpishi hatukujaza kitu. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, ya kuuliza tu, bila saini kwenye fomu yoyote. Ilitaja tarehe ya hukumu, kosa, muda wa kufungiwa, na kwamba bima ilikuwa imeisha siku mbili kabla ya kusimamishwa. Ilitaja kazi ya gari kwa ukweli wake, masufuria na yote. Ilisema dereva atakuwa nani. Tukaambatisha nakala ya amri ya mahakama, logibuku na leseni ya huyo dereva. Kuna wenzangu wanaona amri ya mahakama haifai kutangulizwa, eti inamtisha afisa. Uzoefu wangu ni kinyume chake. Afisa akiiona hukumu ya miezi 12 kwa kosa la stika iliyopitwa na siku mbili, hupumua, kwani alikuwa ameshafikiria ulevi au kifo cha mtu.

Kampuni tatu ziliulizwa. Ya kwanza ilisema hapana kwa mdomo, na hapana ya mdomo juu ya barua ya kuulizia si ombi lililokataliwa. Ya tatu ilijibu baada ya wiki tatu, tukiwa tumeshamaliza. Ya pili ilikubali bima ndogo ya mwaka mzima, daraja la biashara la mali yake mwenyewe, dereva atajwe kwa jina, na Mpishi aandikwe kwamba hataendesha mpaka leseni irudi.

Sharti hilo la mwisho lilimchoma. "Gari langu, pesa yangu, jina langu, halafu karatasi inaniambia nisiguse usukani?"

"Mama, mahakama ilishakwambia. Hawa wameandika tu walichokisikia."

Kwa upande wangu nililifurahia sharti lile. Lilikuwa limeandika wazi kitu ambacho kipengele cha dereva kingekisema kwa kificho, na halikuongeza hata shilingi.

Mwaka mzima ulimgharimu shilingi 9,400. Stika za mwezi alikuwa akilipa 1,100. Mara 12 ni 13,200, na kwa daraja lisilo lake. Alizirudia hesabu hizo mara mbili kwenye kikokotoo cha simu yake. Elfu sita alikuwa nazo, zilizobaki alikopa kwenye chama. Kulipa nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi haikuwezekana, kwa kuwa Sheria ya Bima, kifungu cha 156, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo. Ile "nitalipa Jumatatu" yake haipo kabisa katika bima ya nchi hii.

Kuna aliyemshauri aliegeshe gari uani kwa mwaka mmoja bila bima yoyote. Sheria inazungumzia gari linalotumika barabarani, kwa hiyo gari lililokaa ndani ya ua halivunji kitu. Nililitafakari wazo hilo kwa makini kuliko alivyotarajia. Lakini nyumba ile ina vijana watatu, na funguo zinaning'inia kwenye msumari wa jikoni. Siku moja mtu angelipeleka kuoshwa. Na hapo ndipo neno lile la kuruhusu lingerudi: mwenye gari lisilo na bima aliyemwachia mwingine aliendeshe ana kosa lake mwenyewe, na la Mpishi lingekuwa la pili.

Hesabu iliyouma

Bima haikuwa gharama kubwa ya mwaka ule. Dereva ndiye. Alimchukua mzee aliyewahi kuendesha matatu za Bamburi, mtaratibu, asiyependa haraka, kwa shilingi 800 kwa siku. Kwa wastani wa siku 12 za kazi kwa mwezi ni 9,600, na kwa mwaka ni 115,200. Weka hiyo kando ya stika ya 1,100 iliyoahirishwa toka Alhamisi hadi Jumatatu. Faini ya mahakama aliilipa siku moja. Hii aliilipa kila asubuhi aliyofungua mlango wa nyuma wa Probox na kupanda kama abiria kwenye gari lake.

Mwezi wa saba simu yangu ililia saa kumi usiku. Mzee wa Bamburi alikuwa na homa, hawezi kusimama. Pilau ya watu 300 ilikuwa kwenye moto, harusi ni Majengo, na Majengo kutoka Kisauni, usiku barabara ikiwa tupu, si mwendo wa kumtisha aliyeendesha miaka kumi na tisa. "Nivuke daraja tu, mwanangu. Dakika kumi na tano. Askari hawajaamka."

Nilikuwa nusu usingizini, na nakiri sikuwa na lugha ya upole. Nilimwambia kuendesha wakati mahakama imekuzuia ni kosa jingine kabisa chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kwamba hakimu anayemwona mtu kwa mara ya pili hasikilizi habari za pilau. Nikamwambia pia kwamba kwenye daraja la Nyali pikipiki zisizo na taa huwa nyingi saa hizo kuliko askari. Akimgonga mtu, kampuni inaweza kubanwa imlipe aliyeumia, kisha ikamgeukia yeye kudai kila shilingi, na karatasi inayosema asiguse usukani ina saini yake.

Hakunijibu. Alikata simu. Nililala macho mpaka adhana.

Saa mbili akanitumia picha: tuktuk tatu zimepangana mbele ya lango, masufuria yamefungwa kwa kamba na kufunikwa kwa magunia, vijana wamekaa juu ya vifuniko. Chini yake aliandika shilingi 2,400 na neno moja ambalo wapwani hulitumia wakiwa wamekasirika.

Je, mwanawe asingeweza kuendesha asubuhi ile? Leseni anayo. Lakini hakuwa ametajwa kwenye hati, na hilo ni kosa langu la pili. Nilipaswa kuomba madereva wawili tangu mwanzo. Tulimwongeza wiki ileile. Kampuni ikaweka sharti kwamba akisababisha hasara huku leseni yake haijafika miaka 2, sehemu ya hasara anayobeba mwenye gari itakuwa kubwa zaidi. Kwa bima ndogo hilo lilikuwa na uzito mdogo, lakini niliandika kumbukumbu yake kwa ajili ya baadaye.

Miezi 12 ilipoisha

Watu hudhani kwamba siku ya mwisho ikipita, mtu huwasha gari. Leseni ya Mpishi ilikuwa imeisha muda wake katikati ya ile miezi ya kufungiwa, kwa hiyo hata baada ya zuio kumalizika hakuwa na leseni hai. Alilazimika kuifuata, kisha kuihuisha kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama kupitia eCitizen. Nilimwambia asikaribie usukani mpaka nione nakala yake na mpaka kampuni ithibitishe kwa maandishi kwamba lile sharti limeondolewa. Hatua hii ya pili ndiyo husahaulika. Mahakama ikikuachilia, hati ya bima haijui; inabaki kusema ilichosema hadi mtu aibadilishe.

Ndipo akataka bima kubwa. Alikuwa ameona mwaka mzima gari lake likiendeshwa na watu wengine na akagundua kwamba bima ndogo haimlipi yeye chochote Probox ikigongwa na asiyejulikana, ikiibwa, au ikiungua. Mthamini aliipa thamani ya shilingi 650,000. Tukarudia mwendo uleule wa barua ya kuulizia kwanza. Swali la kwanza la fomu lilikuwa bado na jibu la "ndiyo", na fomu nyingi hurudi nyuma miaka 5.

Kampuni iliyokuwa naye ilikubali kwa asilimia 5.5 ya thamani, ambayo afisa aliniambia waziwazi kwamba imeongezwa kwa sababu ya ile hukumu. Hesabu yake ilikuwa hivi: asilimia 5.5 ya 650,000 ni 35,750. Juu yake tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, shilingi 71.50, tozo ya mfuko wa kuwafidia wenye bima ya asilimia 0.25, shilingi 89.40, na ushuru wa stempu shilingi 40. Jumla 35,950 na senti. Mpishi alizipinga zile senti kuliko alivyozipinga elfu thelathini na tano. Masharti mengine yalikuwa kifaa cha kulifuatilia gari, na sehemu ya hasara ya kubeba mwenyewe maradufu kwa mwaka wa kwanza iwapo ni yeye aliyekuwa akiendesha.

Je, angepata nafuu kwa kampuni nyingine? Pengine. Nilimshauri abaki, naye alikubali shingo upande. Ile kampuni ilikuwa na faili lake lote, kuanzia amri ya mahakama hadi jina la mzee wa Bamburi, na mwaka mmoja bila dai lolote. Kwingine tungeanza na ukurasa mtupu wenye "ndiyo" moja.

Alilipa zote kwa mkupuo kutoka chama, zamu yake ilikuwa imefika.

La vijana wa kupakua bado hatujalimaliza. Sura ya 405 hailazimishi bima ya gari imlinde mwajiriwa wako anayeumia akiwa kazini kwako. Hao wana sheria yao ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri awakatie bima yao mbali. Mpishi anasema si waajiriwa, ni watoto wa mtaani wanaokuja siku ya harusi na kulipwa jioni. Mimi nimemwambia hakimu anaweza kuona vingine. Ameniambia nimpe mpaka baada ya Ramadhani, na safari hii nimeandika tarehe.